Nafasi ya Maneno Manne

Nilikuwa na nafasi ya maneno manne.
Ukurasa wa kwanza ni kidirisha cha jikoni,
huwezi kupitishia humo kabati zima,
na saa nne usiku mtambo wa kuchapa haumsubiri mtu.

Daktari Torbjørg alipiga simu kutoka maabara,
akasema taratibu, kama anayejaza chupa
yenye shingo nyembamba:
sampuli kumi na tisa,
na tatu kati yake zina kirusi
kilichojifunza kuikwepa dawa.
Tatu. Andika tatu.
Wote watatu wamepona, mmoja
ameshaonekana akiteleza kwenye theluji.
Na andika pia kwamba hatujui.
Hilo "hatujui" aliniomba mara mbili,
kama mama anayekukumbusha kofia mlangoni.

Niliandika yote. Halafu nikaanza kukata.
Kwanza "baadhi ya". Kisha "kwa sasa".
Kisha yule mtelezaji na mashavu yake mekundu,
maana mtu mzima wa afya hauzi gazeti.
"Hatujui" lilidumu hadi dakika ya mwisho,
likining'inia ukingoni mwa safu
kama jino la mtoto,
nami nikaling'oa.

Yakabaki manne, meusi, marefu kuliko kidole changu:
DAWA YA MAFUA IMESHINDWA.

Asubuhi, Bodø bado giza.
Januari huku jua huja kama mgeni asiyevua koti.
Foleni ya duka la dawa ilipinda kona
ikapita benki, ikapita duka la nyuzi za sufu;
mtu na mtu, hatua mbili kati yao,
ingawa sisi husimama hivyo hata tukiwa wazima.
Walikuja kununua nini?
Dawa ileile.
Eilif mfamasia alinihadithia baadaye:
"Niliwauliza, mmesoma gazeti?
Wakasema, tumesoma.
Sasa?
Sasa nipe pakiti mbili."
Kufikia saa nne rafu ilikuwa mbao tupu
na kibandiko cha bei.

Jioni televisheni ikaonyesha mkono wenye glavu
ukitikisa maji ya buluu.
(Virusi havina rangi. Hilo nalo halikupata nafasi.)
Redio ikamuuliza mpakia samaki
kama shule zifungwe.
Akafikiri kidogo, akasema, labda.
Saa moja baadaye ikatangazwa:
wananchi wataka shule zifungwe.
Lisemwalo lipo, wanasema watu.
Na lililochapwa, je?

Jumanne muuguzi wa Fauske akanipigia.
Mama ana homa, thelathini na tisa na nusu,
kipimo kimeonyesha mafua ya kawaida,
yale ambayo dawa bado inayaweza,
ila dawa hakuna.
Amezunguka maduka matatu.
"Watu wameingiwa na hofu," akasema,
"sijui ni kwa nini."
Nilitazama kucha zangu. Sikujibu.

Pakiti moja ilipatikana Mo i Rana,
ikaja na treni ya usiku
kwenye mfuko wa koti la kondakta.
Nilisimama stesheni ya Fauske, pua imeganda,
nikiwahesabu niwajuao mjini mwangu
walio na pakiti mbili, nzima, kwenye droo ya soksi.
Niliwafikia kumi na mmoja.
Wa kumi na mmoja ni mke wangu.

Masahihisho yalitoka Alhamisi,
ukurasa wa kumi na nne, chini ya matokeo ya mpira wa mikono.
Huko kulikuwa na nafasi tele:
tatu kati ya kumi na tisa,
baadhi ya, kwa sasa, hatujui.
Daktari Torbjørg hakupiga simu.

Jumamosi mama aliketi kitandani, mto mgongoni,
akila supu kwa kijiko cha chai.
Gazeti lile la Jumatatu lilikuwa juu ya blanketi,
limekunjwa vizuri, amelihifadhi.
"Kazi yako naiona," akaniambia,
sauti bado ina mchanga.
"Herufi zenu siku hizi ni kubwa, mwanangu.
Nasoma bila miwani."